Kidole Kimepoa

Fundi viatu alitoa habari njema hata kabla ya kukaa: "Mama watoto, kidole kimepoa!"

Mkewe akashusha pumzi. Wiki tatu nzima kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimemnyima mzee raha. Kila alipomkumbusha kwamba ana sukari, aende hospitali, alijibiwa kwa mzaha: ngozi ameishona miaka thelathini, hii yake itamshinda vipi? Dawa aliyojipa ilikuwa kukata tundu kwenye kiatu chake, kidole kipate nafasi, halafu akarudi kugonga visigino vya watu.

"Si nilikwambia?" alisema sasa, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. "Tangu asubuhi hakiumi hata chembe. Nyinyi na hospitali zenu!"

Mkewe alipiga magoti, akamvua kiatu, kisha akaivuta soksi polepole. Ukucha ulikuwa mweusi, na weusi wenyewe ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyama.

Akakigusa. Vidole vinne vya jirani vilikuwa na joto la mtu aliyeshinda kazini. Hicho kilikuwa kimepoa kweli, kimepoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

Akakifinya kwa kucha zake mbili, akafinya kwa nguvu zake zote, huku akimtazama mumewe usoni.

Mzee alikuwa bado anatabasamu.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza, macho kayafumba vilevile. "Hebu kiguse basi, mama watoto. Usiogope."