Mkanda wa Mtoto

Mashine ndogo mkononi mwa muuguzi Conjesta ililia, ikawaka kijani. Ilikuwa imeusoma mkanda wenye chipu mkononi mwa mtoto na kukubali dawa: sindano ya insulini, ya wagonjwa wa kisukari. Tangu mashine hizo ziletwe kwa majaribio katika hospitali hii ya Tunduma, wauguzi walikuwa wameacha kuuliza majina.

Aliushika mkono ule mwembamba. Mkanda ukateleza hadi kwenye kiwiko. Kifungo chake kilikuwa kimekatika, nao ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu.

"Mama, nani kafunga huu uzi?"

"Mimi, sista. Ulichomoka asubuhi nikimwogesha. Tulikuwa na mama mwenzangu bafuni, na mkanda wa mwanawe nao ukachomoka, yote ikaangukia kwenye beseni. Nikachukua mmoja."

Tone la dawa lilining'inia kwenye ncha ya sindano. Conjesta alimgeukia mama.

"Mwanao anaumwa nini?"

"Si malaria tu, sista? Leo hajambo, anataka uji."

Conjesta aliirudisha sindano kwenye trei.

"Huyo mwenzako yuko wapi?"

"Kitanda cha dirishani pale. Mwanawe kalala tangu asubuhi, anamwamsha haamki."