Vya Kuazima

"Chumvi iko wapi?" aliuliza mwanamume, akipapasa rafu isiyo yenyewe.

"Kushoto," mama mwenye nyumba alimjibu bila kugeuka.

Wageni wao wawili, mke na mume kutoka mjini, wakacheka. Mgeni wa kiume akasema hata yeye kwake hajui chumvi inakaa wapi.

Mama mwenye nyumba alitabasamu kwa sababu mwenyekiti wa ushirika alimwambia atabasamu. Ushirika wa kijiji ulipokea watalii kwa zamu, kila nyumba na siku yake: wale chakula cha mchana, waone mizinga ya nyuki, wazungumze na familia. Mara iliyopita wageni walilalamika kwamba nyumba hii imepooza.

"Wakisema hivyo tena, mdogo wangu, sina cha kukutetea," mwenyekiti alimwonya. "Nitakutoa kwenye zamu."

Na malipo ya zamu ndiyo yaliyoezeka bati nusu ya paa. Nusu nyingine bado ilivuja.

Karibu kila kitu mezani kilikuwa cha kuazima. Sahani za fundi cherehani, kitambaa cha mkunga, viti vya shule. Ndivyo wanaushirika walivyokubaliana: mwenye pengo azibiwe na jirani, na cha mtu kirudi kwa mwenyewe kabla ya giza.

"Mlioana lini?" aliuliza mgeni wa kike.

"Zamani sana," alisema mwanamume.

"Mwaka wa mafuriko," alisema mama mwenye nyumba, wakati huohuo.

Mwanamume akavuta mikono ya koti lake iliyomwishia juu ya vifundo vya mikono, halafu akaanza kusimulia alivyomwona mara ya kwanza mtoni, akifua. Alisimulia vizuri, kwa madaha, mpaka mgeni wa kike akashika shavu. Haikuwa mtoni, ilikuwa sokoni. Mama mwenye nyumba hakumsahihisha. Alimwongezea mchuzi. Hakuona hasira wala aibu. Tangu masika yaliyopita alikuwa hahisi kitu, ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa.

"Nyie mnapendana kimyakimya," mgeni wa kike alisema wakiagana. "Nitamwambia mwenyekiti. Nyumba hii ina utulivu wake."

"Karibuni tena," alisema mama mwenye nyumba. Paa lilikuwa limepona.

Gari lilipopotea kwenye kona, aliosha sahani za fundi cherehani, akakunja kitambaa cha mkunga. Mwanamume alirudisha viti shuleni. Aliporudi alivua koti, akalikung'uta vizuri, akalitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

"Koti la marehemu kaka linanibana, shemeji," alisema. "Acha niende, mke wangu ananisubiri."

Mama mwenye nyumba alichungulia nje. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Nenda," alisema. "Giza lisikukute hapa."