Sentimita Saba

Kwa siku ya tatu mfululizo mama alikisukuma pembeni chakula alicholetewa na mwanawe, mpima ardhi.

"Kirudishe," alisema bila kumtazama. "Mpelekee huyo aliyenitoa kwangu."

Miguu yake ilikuwa imevimba. Alilala kwenye sakafu ya ukumbi wa shule pamoja na familia tisini za mtaani kwake, zote zimehamishwa kwa amri. Mpima ardhi akachukua bakuli lake na kuondoka kichwa chini, maana iliyowatoa watu wale ni ofisi yake mwenyewe.

Mtaa ule ulijengwa juu ya mgodi uliofungwa zamani. Ili kujua kama ardhi inadidimia, ofisi ya upimaji ilisimamisha nguzo ya zege katikati ya nyumba, na juu yake antena ya kupokea ishara za setilaiti. Kila Jumatatu kimo cha nguzo kilihesabiwa. Miaka sita kilikuwa kilekile. Jumatatu hii kilikuwa kimeshuka sentimita saba, na kabla ya jua kuzama polisi walikuwa wanagonga milango.

Aliyekihesabu ni mhandisi kijana, binti waliyempachika jina la Kompyuta. Alikabidhi matokeo Jumatatu, Jumanne akaenda kujifungua. Mpimaji alikuwa na miaka ishirini na minane kazini, na siku binti alipoajiriwa mahesabu yote yalihamia mezani kwake bila mtu kumuuliza yeye neno. Jambo hilo lilimkaa kooni mpaka leo.

Alipotoka ukumbini alikwenda mtaani kuitazama nguzo kwa macho yake. Mtaa ulikuwa kimya, nguo zimeachwa kwenye kamba. Juu ya nguzo alikuta antena bapa kama sahani. Aliyoizoea yeye ilikuwa ya mviringo. Askari wa zamu akamweleza kuwa ya zamani ilipigwa na radi, na mafundi walifunga hii mpya Jumamosi iliyopita.

Hapo hapo jambo likamjia akilini.

Watu hudhani antena hupima kutoka pale ilipofungwa. Wapi. Kila aina ina mahali pake ndani inapopokelea ishara za setilaiti, hii juu zaidi, ile chini zaidi, na kila aina huja na jedwali lake la masahihisho. Badilisha antena usahau kubadilisha jedwali, na nguzo itaonekana imezama ilhali imesimama palepale.

Alirudi ofisini mbio na kuifungua taarifa ya Jumatatu. Juu kabisa, penye nafasi ya aina ya antena, lilikuwa limeandikwa jina la ile ya zamani. Akatoa majedwali mawili, akayalinganisha. Tofauti yake ilikuwa sentimita sita. Saba toa sita, inabaki moja, na sentimita moja huja na kwenda kwa hali ya hewa tu.

Alicheka peke yake. Kisha hasira zikampanda. Familia tisini, na mama yake mzazi chini kwenye sementi, kwa uzembe wa mtoto wa juzi!

Karani, ambaye ndiye aliyechapa taarifa zote za ofisi kwenye fomu ileile miaka nenda miaka rudi, aliuliza kama ampigie binti simu wahakikishe.

"Mwache apumzike na mwanawe," alisema mpimaji, kwa huruma iliyomshangaza hata yeye.

Aliandika taarifa mpya. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa hapati nafasi ya kupumua kwa watu waliojazana getini, alisaini kabla hajaisoma hadi mwisho. Ijumaa mchana vizuizi viliondolewa.

Siku hiyo mama alikula, akamaliza. Mpimaji alimpandisha kwenye gari kwa mikono yake, na mama akamshika shavu mbele ya watu wote.

"Nilisema damu yangu haiwezi kunitupa," alisema.

Mpimaji alisikia raha ambayo hakuwahi kuipata tangu utotoni, na wala hakuona haya kufuta machozi.

Jumapili alasiri alikwenda wodini na mfuko wa nguo za mtoto. Zawadi ilikuwa kisingizio, alikwenda kumsuta. Alimpa binti hongera, akamsifu mtoto, halafu kwa sauti ya chini ya mkubwa mwenye busara akamweleza: antena ilibadilishwa, jedwali likasahaulika, ujana una mambo mengi, lakini yeye ameshasahihisha na watu wamerudi makwao. Akangoja ainamishe macho.

Binti hakuyainamisha. Alimtoa mtoto kwenye titi taratibu.

"Umesahihisha vipi, kaka?"

"Nimeongeza sita."

"Juu ya zile saba zangu?"

"Ulitumia jedwali la zamani. Limeandikwa pale juu ya taarifa."

"Pale juu huandika karani," alisema binti. "Kwa jedwali la zamani zilitoka kumi na tatu, kaka. Nilipoweka jipya ndipo zikabaki saba, saba za kweli."

Mpimaji alitoka hadi koridoni akiwa tayari ameshapiga simu. Mama aliipokea akicheka, akamwambia apaze sauti, hasikii kitu: majirani wote wamejaa sebuleni kwake, hata pa kukanyaga hapana, wamekuja kumwombea dua yeye, mwanawe aliyewarudisha.