Uji wa Mbega

Tangu watu walipokatazwa kuingia msituni, msitu wote huonekana moja kwa moja kwenye skrini kubwa ya ofisi ya shirika la mazingira. Asubuhi hiyo Mwanakombo, mfagiaji wa pale, alipiga kigelegele mtaa mzima ukatoka nje: mbega kazaa!

Wanawake wakaja na uji wa pilipili manga, kama kwa mzazi yeyote.

"Mwenyewe yuko mbali, tumnywee!" akasema jirani yake Zaituni, wakaangua kicheko.

Mwanakombo akaipangusa skrini ili kichanga kionekane vizuri. Mbega akadondosha tunda, akalitazama, akapiga chafya. Mwaka jana, alipozaa, picha ilikuwa hiyohiyo: alidondosha tunda, akalitazama, akapiga chafya.

"Mbona umeacha kupangusa, shoga?" akauliza Zaituni.

Mwanakombo akawatazama wenzake walivyofurahi, kisha akapiga kigelegele kirefu kuliko cha kwanza.