Wimbo Usio na Filimbi

Kwa mara ya sita, Muhindo alimtumia wimbo usio na filimbi.

Jean-Baptiste aling'oa kaske ya kusikilizia masikioni, akaitupa juu ya meza. Ngoma ilikuwamo, tena nzito na safi. Lakini filimbi, kile kifilimbi chembamba cha mwanzi kilichokuwa roho ya wimbo wenyewe, hakikuwamo kabisa.

Akashika simu, akarekodi ujumbe kwa sauti ya kufoka. "Muhindo, unaniona mimi mutoto? Nilikuomba filimbi. Unanitumia ngoma tupu!"

Jibu lilirudi kutoka Kabambare upesi. "Kaka yangu, filimbi iko mule. Nimepiga mbele ya simu kabisa, jirani akipiga ngoma nyuma yangu. Sikiliza muzuri."

"Uongo!" Jean-Baptiste aliuambia ukuta. "Uongo mutupu!"

Yeye na Muhindo walikuwa wamepiga muziki pamoja miaka ishirini na mitano, katika orkestra iliyochezesha harusi za Kasongo zisizo na idadi. Jean-Baptiste alisimama na gitaa lake mbele ya maspika makubwa, na Muhindo kando yake na filimbi. Kisha Muhindo akafuata dhahabu kwenye machimbo ya upande wa Wamaza. Shimo likambomokea, likamvunja nyonga. Alipopona alibaki Kabambare, na kupanda pikipiki hakuweza tena.

Ndiyo maana Grâce, binti ya Jean-Baptiste, alipokuja kutoka Kindu kuleta habari ya ndoa yake, alileta pia kompyuta, mikro ya kurekodia na betri ya sola.

"Papa, mimi sitaki muziki wa watu wengine kwa harusi yangu," alisema. "Nataka wimbo wenu, weye na Papa Muhindo. Yeye apige kule, weye upige hapa. Kompyuta itaunganisha."

Alimfundisha babake siku nne, akarudi Kindu kazini. Jean-Baptiste alipigilia magodoro ukutani mwa chumba kimoja kwa mikono yake, akaziba dirisha kwa mablanketi. Hilo lilimridhisha: ndani ya chumba kile hakusikia hata ndege mmoja.

Lakini jambo moja lilimchoma moyo. Alirekodi gitaa lake, likatoka vizuri. Aliimba, sauti ikatoka vizuri. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa Muhindo.

Victorine, mkewe, aliingia na sahani ya mihogo. Aliona uso wa mumewe, akaokota kaske, akaivaa. Akasimama hivyo, macho yakamlowa.

"Baba Grâce, mbona iko muzuri? Shida iko wapi?"

"Shida iko wapi?" Jean-Baptiste aligonga meza, mihogo ikaruka. "Na weye sasa uko upande wake? Unajua nini kwa muziki?"

Victorine alijibu kitu. Siku hizi alikuwa na tabia ya kunong'ona, na akiambiwa arudie, yeye ndiye hukasirika.

"Ongea kwa nguvu, mama! Nani amekufunga mudomo?"

Victorine akavua kaske, akatoka.

Jioni ile Jean-Baptiste hakula. Alikumbuka jinsi Muhindo alivyotaka kuwa kiongozi wa orkestra, watu wakamchagua yeye Jean-Baptiste. Muhindo alikuwa amekasirika, kumbe alikuwa ameficha kisu muda wote huo. Alingoja mpaka Grâce aolewe, ili baba ya bibi harusi asimame na wimbo nusu mbele ya wakwe.

Zilibaki wiki mbili kabla ya harusi. Asubuhi alikodi pikipiki na dereva wake.

Safari ilichukua siku mbili. Matope yaliwafika magotini, mara tatu wakaisukuma pikipiki mlimani. Msitu ulikuwa kimya njia nzima, hata nyenje hawakulia. Kimya kile kilimwachia nafasi ya kupanga matusi. Alipofika Kabambare alikuwa nayo yote tayari, moja baada ya jingine.

Muhindo alikuwa uani, amekaa kwenye kiti kifupi. Elodie, mkewe, alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, pamoja na majirani wawili. Muhindo aliinuka kwa fimbo, uso wote ukicheka.

"Kaka! Umetoka Kasongo na njia hii mubaya? Karibu, karibu!"

"Sikuja kukusalimia." Jean-Baptiste hakumpa mkono. "Ulinikasirikia kwa sababu ya orkestra, sawa. Lakini mutoto wangu alikufanya nini? Yeye anakuita papa!"

Kicheko kilitoweka usoni mwa Muhindo. "Orkestra gani tena? Mimi nilisahau zamani. Filimbi nilikutumia mara sita."

"Hukutuma kitu!"

"Naapa kwa Mungu wangu."

"Usimwingize Mungu humu. Leta filimbi. Piga hapa, mbele ya macho yangu, nione kama unajua bado."

Muhindo akashika fimbo yake. Aliingia nyumbani akichechemea, akarudi na kile kifilimbi. Akakaa, akalowesha midomo, akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya matundu, polepole, kisha haraka.

Jean-Baptiste alisimama hatua mbili mbele yake, mikono kiunoni, akingoja. Alingoja mpaka damu ikamgonga kichwani. Siku mbili za matope, na mtu huyu anamchezea vidole!

"Acha kunichekelea, Muhindo!" alipiga kelele. "Piga basi!"

Watu wote uani wakamgeukia. Majirani walikuwa wameacha michi, mabega yao yakiyumba taratibu. Elodie alipangusa machozi kwa ncha ya kitenge, akamshika Jean-Baptiste mkono.

"Shemeji, nyamaza kidogo," alimwambia. "Mutuache tusikie filimbi."