Kifurushi cha Bijou

Maman Euphrasie alinunua chumvi ambayo hakuihitaji, kisha akaomba kiberiti ambacho hakukihitaji pia, na bado Virginie hakuondoka.

Virginie alikuwa dada ya Benoît, marehemu mume wa Euphrasie. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya butiki kama askari wa barrière ya barabarani, kikapu magotini, macho mlangoni. Nyumba yake iko Kadutu, juu kabisa. Hapa mtaa wa Essence alikuwa anatafuta nini, Mungu peke yake alijua.

Nyuma ya comptoir, meza ya kuuzia, rafu nzima ilijaa vifurushi. Siku hizi Papa Grégoire, mwenye butiki, alipokea vitu ambavyo watu wanauziana kwenye simu. Muuzaji alikuwa na njia zake: kumtuma motari na pikipiki yake mpaka nyumbani kwa mteja, kuacha mzigo hapa na kwenda zake, au kuja mwenyewe kuona unafunguliwa, maana wateja wengine hubadilisha vitu kisha wanalia wameibiwa. Mteja alitaja tu jina na kupewa kilicho chake. Motari Euphrasie alimkataa tangu mwanzo. Motari wa Bukavu hajui kunong'ona. Angepiga honi na kuita mpaka avenue nzima itoke kumsaidia kufungua.

Kifurushi chake kilikuwa pale juu, kimeandikwa Bijou, yaani kito cha thamani. Ndilo jina alilojipa kwenye simu. Kila jioni alimwomba Mungu amsamehe kwa jina lile, na asubuhi aliendelea kulitumia.

Ndani mlikuwa na robe, gauni la manjano.

Katika ukoo wa Benoît mjane hagusi rangi mpaka siku ya kutoa deuil, kumaliza msiba, na siku hiyo nguo ya kwanza yenye rangi huletwa na dada ya marehemu, kwa mkono wake mwenyewe. Mjane anayejinunulia ana haraka. Mwenye haraka amekwisha kupata mwanaume. Na mwenye mwanaume, nyumba ya marehemu anaifanyia nini? Hivyo ndivyo walivyomhesabia Maman Eulalie, mjane wa kaka mkubwa, ambaye leo anapanga chumba huko Panzi. Euphrasie alilijua hilo. Alijua pia kwamba Virginie amekwisha kumchagulia kitambaa cha kahawia, rangi ya barabara wakati wa kiangazi.

"Umetoka mbali kwa kiberiti, Maman Euphrasie," Virginie alisema.

"Ya kule kwetu inalowana."

"Waliniambia siku hizi unacheka muzuri."

"Nilicheka wapi, wifi?"

"Ku kanisa. Mu mahubiri."

"Ni padri alichekesha watu wote."

"Padri haiko mu deuil."

Papa Grégoire alifungua mdomo kama mtu mwenye neno la kusaidia. Virginie akamkazia macho. Akaufunga mdomo, akarudi kufuta mizani iliyokuwa safi.

Euphrasie aliketi juu ya gunia la mchele, akavuta kitambaa chake cheusi mpaka kwenye nyusi. Alianza kusali kimoyomoyo ili Virginie apate simu ya haraka kutoka kwao. Si ya ugonjwa, Bwana, hata ya ugomvi mdogo tu ingetosha.

"Haurudi kwako, wifi?" aliuliza mwishowe.

"Nangoja mvua."

"Mvua haiko."

"Si ndiyo sababu naingoja. Na weye?"

"Miye napumuzisha miguu."

"Miguu ya mujane inapumuzikia nyumbani."

Virginie akanunua kopo la nyanya. Euphrasie akanunua sabuni. Virginie akanunua biskuti, akazila moja moja, taratibu, kama anayepokea komunyo. Papa Grégoire hakuwa ameuza hivyo tangu Noeli, na uso wake ulionyesha kwamba anamshukuru Mungu kwa familia zisizopendana.

Katika mji wote huu, Euphrasie aliona ana mtu mmoja tu wa kumwelewa: yule aliyemuuzia robe, Ariane Élégance. Hawakuwahi kuonana wala kusikiana sauti. Waliandikiana tu, lakini maneno ya Ariane yalishuka rohoni kama mafuta kwenye ngozi iliyopasuka. "Deuil iko mu roho, mama, haiko mu nguo." Na siku Euphrasie alipotaka kurudi nyuma kwa woga: "Vaa manjano. Hao banaokuchunga, bako na wivu." Alikuwa amemwombea mwanamke yule rozari nzima, na kumwomba Mungu ampe Virginie japo robo ya moyo wake.

Sasa jua lilikuwa linainama upande wa ziwa na Papa Grégoire alianza kuingiza ndani mabidoni ya mafuta. Kesho mzigo usiochukuliwa ungerudishwa kwa muuzaji. Euphrasie alisimama, akageukia rafu ya sardini kama anayesoma bei, akaandika kwenye simu: "Mama Ariane, nimefika, lakini kuko mutu mubaya ananilinda. Nikichukua akaniona, nyumba yangu imeenda. Nifanye namna gani?"

Nyuma yake alimsikia Virginie akipekua kikapu na kukohoa kidogo.

Jibu halikuchelewa. Euphrasie alilifunika kwa kiganja, akalisoma.

"Pole sana, Maman Bijou, vumilia. Hata miye niko hapa ndani nakungojea, na nimefungwa sawa weye: muke ya marehemu kaka yangu amesimama hapa, hataki kwenda, na sipendi ajue nauzisha manguo. Akitoka tu, nakuita."