Dawa ya Damu ya Benita

Mama Kaswera alikuwa amepiga magoti uani, akisaga vidonge vyekundu kwa jiwe. Unga wake aliuchanganya na pumba za mahindi, akawamwagia kuku wake wa nyama. Kuku wenyewe wanono, vilemba vyekundu; kijiji kizima cha Nyabiondo hakuna wa kuwafikia.

Hélène, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa amekuja kumjulia hali mjamzito wake, akasimama nyuma ya mama huyo. Aliona yote.

Vile vidonge alivijua. Ni vya madini ya chuma, vya kuongeza damu, na jana tu alikuwa amevitoa kwa mkono wake kwa ajili ya Benita, binti wa huyu mama. Kabla vita havijawakimbiza watu, Benita alikuwa na mimba ya miezi minne na damu kidogo mno. Hélène alimwambia waziwazi kwamba akizaa na damu ile, hatapona.

Watu walikaa ukimbizini miezi miwili, na miezi miwili sasa wameanza kurudi, mmoja mmoja. Kila wiki mama mtu ndiye anayekuja kituoni na fishi, ile kadi ya mjamzito. Binti amechoka, husema. Binti miguu imevimba. Na Hélène, masikini, akawa anawapunguzia wajawazito wengine ili vidonge vya Benita visikose.

Kumbe vinaliwa na kuku!

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi gani huyu?

Hélène hakusalimia. Alimwita Benita mara mbili, hakuitikiwa. Akaingia ndani, akasukuma mlango wa chumba cha binti. Kitanda hakipo, nguo hazipo. Kuku wengine kumi walikuwa wamelala juu ya majani makavu.

Alirudi uani akilia kwa hasira. Alimwambia Mama Kaswera yote yaliyomjaa: kwamba amempokonya mwanawe damu akawapa kuku, kwamba mimba sasa ni ya miezi minane na yule binti anaweza kufa siku yoyote, kwamba leo hii jina la Benita linafutwa katika kitabu cha kituo na vidonge vitaenda kwa mwenye kuvimeza.

Mama Kaswera aliendelea kuwalisha kuku. Aliposikia hilo la kitabu ndipo akaacha, akasimama.

"Umemufukuza, ukaweka kuku mu chumba yake," Hélène alisema. "Benita iko wapi?"

"Benita alikufaka mu njia ya Walikale, siku tulikimbia. Nilimuzika miye peke yangu, na mutoto mu tumbo." Alimshika Hélène mkono. "Usifute jina, Mama Hélène. Kila wiki unafungua kitabu, unaniuliza: Benita anaendelea je? Hakuna mwingine anamuulizaka."